Maneno Niliyomletea Mama Akiwa Edani

Waosha walipomaliza kummiminia mama maji ya mwisho, mkubwa wao aliuliza kama nyumbani kuna manukato. Kafuri walikuja nayo wenyewe kwenye mfuko, lakini alisema mwanamke aliyezaa hapakwi kafuri peke yake kama mtu asiye na mtu. Nikatoka kwenda chumbani kwa mama. Sikuhangaika na kabati wala meza ya kioo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, nikaivuta ile droo ya pembeni ambayo haifunguki mpaka uipige kofi, na nyuma kabisa, chini ya bobini na vipande vya chaki, kilikuwapo kichupa. Kizibo chake kilizungushiwa uzi mweusi, ukafungwa fundo dogo la kifundi. Niliukata kwa meno. Harufu ilipotoka nilikaa chini sakafuni, mimi mtu mzima mwenye kazi ya ofisi na watoto wanaonisubiri, nikaona haya mpaka masikio yakapata moto.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mtaani kwetu Nyamirambo mnajua tulivyolelewa. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, pamoja na mafundi wengine, mguu kwa mguu, wakishonea na kusengenyea hapo hapo. Nilipoanza kutambaa alinifunga kifundo cha mguu kwa utepe wa kitambaa, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa cherehani, nisije nikaingia barabarani. Watoto wote wa mafundi walifungwa hivyo. Nilipokua utepe ukaondoka, macho yake yakabaki. Nilikuwa na njia zangu chache tu: shule, madrasa, baraza, nyumbani. Kimisagara, mtaa wa jirani, iko pale chini ya mteremko, mabati yake nilikuwa nikiyaona kila asubuhi nikipiga mswaki, na nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nikichelewa kutoka madrasa kwa muda wa mtu kufunga viatu, namkuta mama amesimama kwenye kona, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, hasemi kitu. Afadhali angenifokea.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akienda Dar na kurudi, na kwangu yeye ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyekuwa huru. Siku za kawaida alinukia dizeli. Ijumaa alioga, akavaa kanzu, akafungua kichupa alichonunua huko Dar na kujipaka tone moja nyuma ya kila sikio na moja kwenye kiganja, kisha akanipaka mimi kile kilichobaki kwenye kidole. Nyumba yetu ilijua ni Ijumaa kwa pua kabla ya kusikia adhana. Safari moja alirudi na homa, akalazwa, na hospitali hakutoka kwa miguu yake.

Baada ya maziko wanawake walimkalisha mama chumbani. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu ndani ya ua mmoja, ndiye aliyenieleza. Mama yako anakaa eda, alisema, miezi minne na siku kumi. Hatoki nje ya ua, havai nguo za kung'aa, hajipambi, hajipaki manukato. Alisema hayo huku akikunja kanzu za baba za kugawa, na mimi, kwa vile sikutaka kila kitu kiondoke, nikachomoa kile kichupa mfukoni mwa kanzu ya Ijumaa na kukificha kiunoni. Nilitaka kumwuliza kwa nini mama hatoki, lakini shangazi hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini. Alikuwa na sauti ya kumaliza mazungumzo.

Kwa hiyo nilitafuta jibu mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa darasani. Mtakumbuka ule wakati tulipoambiwa Kifaransa basi, sasa ni Kiingereza, na walimu wetu wengine wakawa wanajifunza usiku kile watakachotufundisha asubuhi. Sisi tulibahatika. Tulimpata Ticha Godfrey, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kinateleza chenyewe. Alifundisha maneno kwa koo, kama watu wa ukoo mmoja. Wiki moja ukoo wa jikoni, wiki nyingine ukoo wa mvua na jua. Nilipomaliza matanga na kurudi shule nikakuta ubaoni ukoo wa mtu au kitu kinachozuiwa. Ulikuwa ukoo mkubwa ajabu. Tulikaa nao majuma mengi, na nilishangaa jinsi watu wa lugha ile walivyo na neno la kila namna ya kumnyima mtu njia. Kulikuwa na neno la kuzuiwa kutembea usiku, neno la kuzuiwa kabla ya hukumu, na neno jingine la baada ya hukumu, na neno la kuachiwa nusu nusu, utoke lakini ukaripoti. Ticha aliandika, akageuka, akauliza kama tumeelewa, "Murumva?", na sisi tukaitikia hata tulipokuwa hatujaelewa kitu.

Jioni nilipofika nyumbani mama alikuwa na swali moja. Cherehani ilikuwa imeletwa kutoka barazani, imewekwa chini ya dirisha la chumba, kwa sababu kazi za mkono hazikukatazwa na tumbo halijui eda. Aliniuliza, "Leo umeniletea neno gani?" Hakuwa akijua Kiingereza hata kidogo. Alisoma kwa Kifaransa kidogo zamani, akaacha. Lakini hapo ndani hakikuingia kitu kipya isipokuwa kwa mikono yangu na mdomo wangu, na yeye alipenda vitu vipya. Nilisema neno, yeye akalirudia huku akishona, akilipindua ulimini mpaka likawa kama la kwake.

Nilimletea "grounded". Nilimweleza kwamba watoto wa Wazungu wakikosea hukatazwa kutoka kwenda kwa wenzao, wanabaki nyumbani, na hiyo ndiyo adhabu. Mama alisimamisha gurudumu la cherehani na kucheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Na wasichana ambao hawakukosa," akauliza, "hao wanafanywa nini?" Tulicheka wote wawili, kisha tukakumbuka kwamba nyumba ni ya msiba, tukanyamaza.

Nilimletea pia neno ambalo heri nisingemletea. Ticha alichora mbwa ubaoni, na kamba, na mkono wa mtu ulioshika kamba, akaandika "leash". Nikanyoosha kidole, nikasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba hata watoto wadogo hufungwa hivyo, kwetu mafundi. Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Ticha hakucheka, alisema tu kwa upole kwamba neno hilo ni la mbwa. Basi nami, kwa vile mtoto akiumia lazima aumize, nikaenda kumwambia mama jioni ile ile, tena neno kwa neno. "Waambie barabara yao haina malori," akasema. Akaniomba nilirudie neno, akalisema mara moja, na hakulisema tena.

Siku Ticha alipofundisha "house arrest" nilikimbia kutoka shule mpaka mlangoni. Nilihisi nimepata ufunguo. "Mama, nimelipata neno lako," nikamwambia, na nikaeleza kwamba kuna watu wanafungwa ndani ya nyumba zao wenyewe, na askari anakaa mlangoni kuwalinda wasitoke. Wakati huo huo shangazi alikuwa ng'ambo ya ua, juu ya kigoda chake, anachambua maharage na uso wake umeelekea mlango wetu, kama kila siku. Kila kitu kililingana.

"Mimi sikufungwa," mama akasema. "Mimi nimekaa."

"Iko tofauti gani?"

"Iko tofauti kubwa, sha, mwanangu. Siku moja utajua."

Sikumwamini. Nilimwona anavyotazama mwanga wa mlangoni saa za alasiri, wakati mafundi wenzake wanapoagiza chai barazani. Nikajua ameonewa, na shangazi ndiye mlinzi wa gereza, na mama anaona aibu kusema. Haya niliyaamini kwa moyo wangu wote. Nayataja ili mpate kuelewa uzito wa hayo yanayofuata.

Kwa sababu mama alipoingia ndani, mimi nilitoka. Nguo zilihitaji kupelekwa, zipu na vifungo vilihitaji kununuliwa, na wateja wapya walihitaji kupimwa. Mama hakuwa na mwingine wa kumtuma. Alinifundisha kupima kwa kunisimamisha mbele yake na kunipima mimi, kisha akasimama yeye nikampima, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, mpaka akaridhika. Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza alivua futi yake shingoni na kunivika. Akanitengeneza kola.

Kimisagara niliyoiona kwa mbali maisha yangu yote niliishukia kwa kukimbia. Ilinukia rangi ya magari na mandazi. Watu walikuwa wanachomelea mageti kando ya njia, cheche zinaruka, na hakuna aliyenishika mkono kunivuta. Muuza zipu aliniita fundi. Nilinunua nilichotumwa nikazunguka, nikasimama kwenye uwanja wa kituo cha vijana kutazama wavulana wakiruka sarakasi, nikanunua muwa, nikarudi nimechelewa na mate yana sukari. Mama aliniuliza njia ilikuwaje. Nikasema nzuri. Hakuuliza zaidi, na mimi nikajua kwamba anaweza kuacha kuuliza.

Baada ya hapo ikaja Remera. Kulikuwa na mteja, Dada Neema, Mtanzania aliyefanya kazi katika ofisi moja huko na kushonewa magauni yote na mama. Nilipanda basi peke yangu, nikavuka mji mzima kifua kimejaa, nikashuka karibu na uwanja wa Amahoro, kwenye maduka marefu yenye vioo. Dada Neema alinicheka Kiswahili changu cha "iko" kila mahali, akaninunulia Fanta, akanisimamisha katikati ya sebule yake na kusema, "Haya, mdogo wangu, nipime, lakini nisomee kwa Kiingereza." Nikampima huku nikitaja namba kwa Kiingereza, naye ananisahihisha. Alikuwa na rafu ya vitabu na aliniachia niguse. Nilianza kwenda kwake hata kama gauni lingeweza kusubiri. Nilimwambia mama kuna kupunguza kiuno, kuna kuongeza pindo. Gauni moja lilisafiri kwenda na kurudi mpaka nikaona haya kulikunja tena.

Nilikuwa na furaha. Nasema wazi kwa sababu sijapata njia nyingine ya kusema. Baba yangu alikuwa kaburini, mama yangu niliamini yuko kifungoni, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kabla wala baadaye, ya kutembea mji na futi shingoni na mtu hajui niko wapi. Usiku niliomba dua zangu. Nilimwombea baba pepo. Nilipofika kwa mama, ulimi ulikuwa mzito, kwa sababu dua sahihi ilikuwa atoke salama, na mimi sikutaka atoke. Niliiruka. Nikalala nikijua nimeiruka.

Siku zikakaribia kwisha. Mwenye duka alimtumia mama salamu kwamba nafasi yake barazani bado iko, wenzake wameweka ndoo pale ili mtu asiikalie, lakini kuna fundi kutoka Kongo anauliza kila siku. Mama alizipokea salamu zile kama mtu aliyeletewa chakula. Alianza kupanga: ataanza kwa kulipia madeni ya nyuzi, atabadilisha mkanda wa cherehani. Aliniambia nami nitapumzika sasa, nirudi kwenye masomo yangu kama mtoto. Nilisema sawa, mama. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya choo, nikalia. Niliwaacha wafikiri nalilia baba.

Kichupa nilikuwa nacho bado. Nilikifungua mara chache, nilipokuwa peke yangu, si kwa ubaya wowote. Nilitaka tu iwe Ijumaa kidogo. Siku hiyo mama alikuwa uani akifua na mimi nilikuwa chumbani nimekishika wazi, nikasikia ndara za shangazi. Nikakitia kwenye kapu la nguo safi, kwenye mkunjo wa mtandio mweupe wa mama wa kuswalia, nikatoka kumwamkia. Kizibo sikukikaza. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya kile kichupa, na nawaapia sikukusudia.

Adhuhuri mama alitawadha, akaingia, akauchukua mtandio na kuutupia kichwani. Akasimama. Mikono yake ilibaki hewani, kando ya uso. Chumba kizima kilikuwa kimegeuka Ijumaa. Nilimtazama nikingoja auvue, maana hata mimi nilijua alichokatazwa. Hakuuvua. Aliushika ncha zake akazikusanya usoni, akakaa kitandani taratibu, akavuta pumzi ndani ya kile kitambaa, akavuta tena, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Swala ilikuwa inampita.

Shangazi aliingia bila hodi, amekuja kuazima pasi. Alisimama mlangoni, pua yake ikafanya kazi kabla ya macho.

"Wifi," akasema, "unanukia."

Shangazi akaendelea, sauti imeshuka, na ikishuka ndiyo mbaya zaidi. Alisema kaburi la kaka yake halijaota hata majani na mkewe anajipaka manukato. Alisema wanawake wa mtaa watasema nini. Akamaliza kwa maneno yaliyonifanya niinue kichwa. Alisema, "Basi eda umeiharibu. Anza upya."

Kuanza upya. Niliona Remera yote mbele ya macho yangu, vioo, basi, rafu ya vitabu, na kabla sijajua uso wangu unafanya nini nilikuwa nimetabasamu. Si tabasamu dogo. Nililihisi mpaka kwenye mashavu. Nikageuka kumtazama mama, nikakuta ameushusha mtandio, macho mekundu, na hamtazami shangazi. Ananitazama mimi.

Tulitazamana. Nilijaribu kuukunja uso, lakini kitu kikishaonekana kimeonekana. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo niseme ni mimi, kichupa ni changu, mama hajui kitu. Mdomo haukufunguka.

"Ni mimi, wifi," mama akasema. "Nilimkumbuka. Nitaanza upya."

Na alianza. Alikaa tena karibu muda ule ule. Nafasi ya barazani akapewa fundi wa Kongo, wakaondoa ndoo, na mama hakurudi barazani tena maisha yake yote. Alishonea chini ya lile dirisha mpaka vidole vilipokataa. Wanawake wa mtaa walisema kweli mke wa fulani amemlilia mumewe, na wengine walisema kuna jambo, haiwezekani bure. Kichupa kilitoweka kapuni, sikukiulizia. Mimi nilikwenda Remera. Dada Neema alinifundisha mpaka nikawa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na mengine yote niliyoyapata, shule nzuri, kazi, nyumba yenye maji ndani, yalitoka kwenye rafu ile. Kila jioni mama aliuliza neno. Ticha alikuwa amefika mwisho wa ukoo wake, kwenye "release", kuachiwa. Neno hilo sikumpelekea. Nilimdanganya kwamba tumeanza ukoo wa matunda.

Nilikuja kujua ukubwani, kwa kuuliza tu sheikh mmoja katika mazungumzo mengine, kwamba hakuna kitu kama kuanza upya. Siku zikihesabika zimehesabika. Nguo ingefuliwa, na yakaisha. Nilifikiri basi shangazi alitudanganya au alikosea, na kwa miaka mingi nilipata nafuu kidogo kwa kumchukia.

Mama alipougua, mwaka huu, nilimhamishia kwangu nikamrudisha mwenyewe alipoomba, kwa sababu alitaka kuwa karibu na cherehani. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu. Alikuwa amechangamka kidogo, akaniuliza, kwa mzaha, leo umeniletea neno gani. Sikuweza. Nililia juu ya miguu yake, nikamwambia najua sasa kwamba eda haianzi upya, kwamba shangazi alimfungia bure, na nafasi yake barazani ikaenda bure.

"Oya, hapana," akasema. "Wifi alisema kwa hasira. Siku ya pili yake Bibi Maalimu alikuja kutoka madrasa akaniambia hakuna jambo kama hilo, nitoke siku yangu ikifika. Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikaa?"

Alifikiri, au alipumzika, siku zile ilikuwa vigumu kutofautisha. "Ulikuwa hujacheka tangu baba yako," akasema. "Wewe unafikiri nilikuwa sioni gauni la Neema linaenda na kurudi? Pindo lile lile? Ningetoka, ningekufunga tena. Najijua. Siwezi kukaa kwenye baraza na mtoto wangu yuko Remera. Nikaona heri nibaki ndani, ambako siwezi kukufuata."

Akasema na kitu kingine, amefumba macho. Akasema hakuwa peke yake mle ndani, alikuwa na ile harufu, kwenye droo ya cherehani. Wenzangu, watu husema mtu akijua amesamehewa anapata wepesi. Mimi ulinizidi uzito. Nilikuwa nimezoea deni la mtu aliyeonewa, na sasa nikajua ni la mtu aliyechagua, amekaa na macho yake wazi, akanitazama nikitoka kila Jumamosi na futi yake shingoni.

Basi siku hiyo ya kumwosha nilinyanyuka pale sakafuni penye cherehani nikarudi kwenye chumba cha kuoshea na kichupa mkononi. Walikuwa wameshamfuta, wamemlaza juu ya sanda. Shangazi alikuwamo. Ni mzee sasa, macho yameingia ukungu, walimwekea kigoda chake kando ya ukuta kwa vile hakukubali kubaki nje. Waosha walinipa pamba. Nilimimina kilichobaki, matone machache, yamekuwa mazito kama asali, nikampaka mama nyuma ya masikio, kwenye viganja, kwenye paji la uso linaposujudu. Nilipaka taratibu, kama baba.

Harufu ilipofika kwenye kigoda, shangazi aliinua kichwa. Alinyoosha mkono hewani, mmoja wa waosha akamshika akamleta mpaka kwenye mwili. Aliinama, akapapasa mpaka akalipata shavu la mama.

"Wifi," akasema. "Unanukia."

Yeye akabaki ameinama hivyo hivyo, kama anayesubiri kujibiwa.

"Ni mimi, shangazi," nikasema.